Dalton Trumbo

James Dalton Trumbo (Montrose, Colorado, 9 Desemba 1905 – Los Angeles, California, 10 Septemba 1976) alikuwa mwandishi wa filamu na riwaya kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi kwa miswada ya filamu za Kitty Foyle (1940), Roman Holiday (1953), Spartacus (1960) na Exodus (1960), pamoja na riwaya yake ya kupinga vita, Johnny Got His Gun (1939).

Trumbo alikuwa mmoja kati ya watu kumi wa Hollywood waliofungwa jela kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna studio kubwa iliyokubali kuliweka jina lake kwenye filamu. Hata hivyo, katika kipindi hichohicho hadithi zake mbili zilishinda Tuzo ya Akademi (Oscar): moja kwa jina la rafiki yake, nyingine kwa jina la mtu ambaye waandishi wa habari walimtafuta bila mafanikio.

Maisha ya awali

Trumbo alizaliwa Montrose, mji mdogo wa magharibi mwa Colorado, akiwa mtoto wa kwanza wa Orus Trumbo na mkewe Maud. Mwaka 1908 familia ilihamia Grand Junction, ambako baba yake alikuwa karani katika duka la viatu. Akiwa bado shule ya sekondari Dalton alianza kuripoti habari kwa gazeti la mji huo. Alisoma mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Baba yake alipoteza kazi dukani, familia ikahamia Los Angeles mwaka 1925, na mwaka uliofuata baba akafariki. Dalton, akiwa na umri wa miaka ishirini, akabaki na mama na dada zake wawili wa kuwatunza.

Alipata kibarua cha usiku katika kiwanda cha mikate. Alidhani atakaa hapo miezi michache. Alikaa takribani miaka minane. Usiku alifunga mikate, mchana aliandika. Katika miaka hiyo aliandika riwaya sita na hadithi fupi zaidi ya themanini, na wachapishaji wakazirudisha zote. Wasifu wake mwingi hupita haraka sehemu hii ili kufika Hollywood, lakini hapa ndipo alipopata mazoea yaliyokuja kumwokoa baadaye: kuandika kwa haraka, kuandika akiwa amechoka, na kuandika bila kungoja mtu amsifu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 makala zake zilianza kukubaliwa na magazeti, yakiwemo Vanity Fair na Hollywood Spectator. Mwaka 1934 aliingia studio ya Warner Bros., si kama mwandishi bali kama msomaji. Kazi ya msomaji ilikuwa kupitia riwaya na tamthilia zilizoletwa studio, kuzifupisha kwa kurasa chache, na kusema kama zinafaa kuwa filamu. Riwaya yake ya kwanza, Eclipse, ilitoka mwaka 1935. Mji anaousimulia humo unaitwa Shale City, lakini watu wa Grand Junction walijitambua na wengi hawakufurahi.

Mwandishi ndani ya mfumo wa studio

Ili kuelewa kilichompata Trumbo ni lazima kujua mwandishi alikuwa nani katika Hollywood ya wakati ule. Kuanzia miaka ya 1920 hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, sehemu kubwa ya filamu za Marekani ilitengenezwa na kampuni chache: MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century Fox na RKO, zikifuatiwa na Universal, Columbia na United Artists. Tano za kwanza zilikuwa na majengo ya kupigia filamu, wasambazaji na kumbi za sinema za kwao wenyewe. Waigizaji, wapiga picha, washonaji na waandishi waliajiriwa kwa mkataba na kulipwa kwa wiki.

Mwandishi wa studio hakumiliki alichoandika. Kisheria kazi ilikuwa mali ya kampuni. Muswada mmoja uliweza kupita mikononi mwa watu watano au sita: mmoja anaandika hadithi, mwingine anaigeuza kuwa maonyesho, wa tatu anaitwa kurekebisha mazungumzo, na mtayarishaji anakata anachotaka. Kitu pekee kilichobaki kwa mwandishi kilikuwa jina lake kwenye skrini mwanzoni mwa filamu. Mtu aliyetajwa katika filamu iliyofanya vizuri alidai mshahara mkubwa zaidi katika mkataba uliofuata. Asiyetajwa alikuwa kama hakufanya kazi. Kwa muda mrefu ni studio zilizoamua nani atajwe, na mara nyingine mtu aliyeandika kidogo sana alitajwa kwa sababu ya urafiki.

Ndiyo maana suala la majina lilikuwa kiini cha ugomvi kati ya studio na chama cha waandishi, Screen Writers Guild, kilichoanzishwa upya mwaka 1933. Studio zilikipiga vita na kuunga mkono chama pinzani, Screen Playwrights, kilichokuwa upande wa waajiri. Mwaka 1936 Warner Bros. ilimtaka Trumbo ajitoe Guild na kujiunga na chama hicho cha pili. Alikataa, na ajira yake ikakatishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Guild ilishinda: ilipata mkataba na studio, na pamoja nao haki ya kuamua nani anastahili kutajwa katika filamu gani. Haki hiyo itarudi katika habari hii kwa namna ambayo waanzilishi wake hawakuitegemea.

Jina la Trumbo lilionekana kwenye skrini mwaka 1936, katika filamu ndogo iitwayo Road Gang, juu ya wafungwa wanaofanyishwa kazi ngumu. Baada ya Warner Bros. alifanya kazi Columbia, MGM na hasa RKO, akiandika zile filamu za bei nafuu zilizoonyeshwa pamoja na filamu kubwa katika tiketi moja. Mojawapo, Five Came Back (1939), inahusu abiria wa ndege iliyoanguka msituni ambao si wote wanaoweza kuondoka. Bado inasifiwa mpaka leo. Mwaka 1938 alimwoa Cleo Fincher, na wakapata watoto watatu: Nikola, Christopher na Mitzi.

Johnny Got His Gun

Riwaya hii ilitoka Septemba 1939, siku chache baada ya Ujerumani kuivamia Poland. Mhusika wake, Joe Bonham, ni askari kijana wa Vita Kuu ya Kwanza aliyepoteza mikono, miguu, macho, masikio na mdomo. Amelala hospitalini, akili yake ikiwa nzima kabisa ndani ya mwili usioweza kusema wala kusikia. Baada ya miaka anagundua njia ya kuwasiliana: anagonga kichwa kwenye mto kwa alama za Morse. Kitabu kilipata tuzo ya wauza vitabu wa Marekani kama kitabu cha pekee zaidi cha mwaka.

Historia ya kitabu hiki baada ya kutoka haimpi Trumbo sifa zote. Mwaka 1940, wakati wakomunisti wa Marekani walipopinga nchi yao kuingia vitani, gazeti lao la Daily Worker lilikichapisha kwa sehemu. Baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi mwaka 1941 na Marekani kuingia vitani, Trumbo na mchapishaji wake walikubaliana kisichapishwe tena hadi vita viishe. Baadhi ya watu waliomwandikia wakikitaka walikuwa wafuasi wa mrengo wa kulia waliotaka Marekani ifanye amani na Hitler. Trumbo aliwaarifu FBI juu ya barua hizo. Maofisa wawili walikuja nyumbani kwake, na akaona kuwa aliyekuwa akichunguzwa hasa ni yeye mwenyewe. Alisimulia habari hii bila kujificha katika dibaji ya toleo la mwaka 1959. Kwa mtu aliyekuja kuwa alama ya kukataa kutaja watu kwa serikali, ni jambo lisilopaswa kuachwa nje ya makala.

Kilele

Kitty Foyle (1940), iliyotokana na riwaya ya Christopher Morley, ilimpa Ginger Rogers Tuzo ya Akademi ya mwigizaji bora wa kike, na Trumbo akapendekezwa kwa tuzo ya muswada bora. Alihamia MGM, studio tajiri kuliko zote, ambako aliandika A Guy Named Joe (1943), Thirty Seconds Over Tokyo (1944) na Our Vines Have Tender Grapes (1945). Mbili za kwanza zinahusu marubani wa kijeshi, na ya pili yake inafuata kwa karibu shambulio la ndege za Marekani dhidi ya Tokyo mwaka 1942. Ni filamu za uzalendo usio na shaka, jambo ambalo wapinzani wake walilisahau miaka mitatu baadaye.

Mkataba wake na MGM ulimlipa dola 3,000 kwa wiki, au dola 75,000 kwa muswada. Wakati huo mfanyakazi wa kiwandani nchini Marekani alipata takribani dola 50 kwa wiki. Trumbo alinunua shamba milimani kaskazini mwa Los Angeles, akaishi kitajiri na kukopa kama tajiri. Mwaka 1943 alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Chama hicho kilikuwa halali kisheria, na wakati ule Umoja wa Kisovyeti ulikuwa mshirika wa Marekani vitani. Mwaka 1945 alikuwa mhariri wa jarida la chama cha waandishi, The Screen Writer.

Mbele ya kamati

Vita vilipokwisha urafiki kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti ulikwisha pia. Oktoba 1947 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza shughuli zilizohesabiwa kuwa kinyume cha taifa, maarufu kwa kifupi HUAC, ilifungua kikao Washington kuhusu Hollywood. Mwenyekiti alikuwa mbunge J. Parnell Thomas wa New Jersey. Wiki ya kwanza walisikilizwa waliokuja kwa hiari, miongoni mwao Jack Warner, Louis B. Mayer, Gary Cooper na Ronald Reagan. Wiki ya pili waliitwa walioshukiwa.

Trumbo alisimama mbele ya kamati tarehe 28 Oktoba. Alikuja na miswada yake, akaomba iingizwe kwenye kumbukumbu ili kamati ionyeshe ni wapi hasa aliandika maneno ya kuipindua serikali. Ombi lilikataliwa. Aliulizwa kama ni mwanachama wa Screen Writers Guild, kisha kama ni au amewahi kuwa mkomunisti. Hakusema ndiyo wala hapana. Alitaka kujibu kwa maelezo yake mwenyewe, mwenyekiti akagonga nyundo, sauti zikapanda, na akatolewa akiwa bado anapiga kelele.

Wengi huuliza kwa nini hawakutumia Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayomruhusu mtu kunyamaza ili asijitie hatiani. Walikataa kwa makusudi, maana kufanya hivyo kungekuwa kama kukubali kwamba kuwa mkomunisti ni kosa la jinai. Walitegemea Marekebisho ya Kwanza, yanayolinda uhuru wa kusema na kujumuika, na walitumaini kuwa Mahakama ya Juu itasema Bunge halina mamlaka ya kumuuliza raia chama chake. Hesabu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini majaji wawili waliotegemewa, Frank Murphy na Wiley Rutledge, walifariki wote katika majira ya joto ya mwaka 1949, na Aprili 1950 Mahakama ilikataa kusikiliza rufaa.

Kumi hao walikuwa Alvah Bessie, Herbert Biberman, Lester Cole, Edward Dmytryk, Ring Lardner Jr., John Howard Lawson, Albert Maltz, Samuel Ornitz, Adrian Scott na Trumbo. Wa kumi na moja, mwandishi wa Kijerumani Bertolt Brecht, alijibu maswali na siku iliyofuata akapanda ndege kurudi Ulaya. Tarehe 24 Novemba 1947 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuwashtaki kumi hao kwa kosa la kulidharau Bunge. Siku hizohizo wakuu wa studio walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, na kutangaza kwamba hawatawaajiri tena hadi waondolewe hatia au waape kuwa si wakomunisti. Hiyo ndiyo asili ya orodha nyeusi ya Hollywood. Hakukuwa na sheria iliyoiamuru; ilikuwa makubaliano ya waajiri.

Trumbo alihukumiwa mwaka mmoja jela na faini ya dola 1,000. Aliingia gereza la Ashland, Kentucky, Juni 1950 na kutoka Aprili 1951 baada ya kufungwa takribani miezi kumi. Mwenyekiti Thomas mwenyewe alikuwa ameshahukumiwa kwa kulipa mishahara hewa ofisini kwake na kuchukua fedha hizo. Alifungwa katika gereza la Danbury, Connecticut, na huko akawakuta Lardner na Cole, watu aliowapeleka jela yeye mwenyewe.

Miaka bila jina

Kwa mwigizaji orodha nyeusi ilikuwa mwisho, kwa sababu sura haiwezi kuazimwa. Mwandishi alikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi: karatasi haina sura. Mtu mwingine akikubali kuweka jina lake juu yake, au mtayarishaji akikubali kutouliza, muswada unauzika. Bei ndiyo iliyobadilika. Hata kabla ya kwenda jela Trumbo aliwaandikia ndugu wawili watayarishaji wadogo, Frank na Maurice King, filamu ya Gun Crazy (1950) kwa dola 3,750. Jina lililotokea kwenye skrini lilikuwa la mwandishi Millard Kaufman, aliyemwazima bila kudai umaarufu. Filamu hiyo, iliyopigwa kwa bajeti ndogo, sasa inahesabiwa kati ya filamu bora za uhalifu za kipindi hicho.

Baada ya jela Trumbo aliuza shamba na kuihamishia familia Mexico City, ambako walikuwapo waandishi wengine wa orodha nyeusi, kama Hugo Butler. Maisha yalikuwa magumu na kazi haikupatikana kama walivyotarajia. Walirudi Los Angeles mwaka 1954, katika mtaa ambao majirani waliwatambua na kuwasumbua. Inakadiriwa kuwa katika miaka yote ya orodha nyeusi Trumbo aliandika miswada takribani 30 kwa majina ya watu wengine au majina ya kubuni. Mgongo ulimsumbua, kwa hiyo aliandika ndani ya beseni la kuogea, maji ya moto yakimfika kifuani, ubao ukiwa mbele yake na sigara mkononi.

Roman Holiday ilikuwa hadithi yake tangu kabla ya jela: binti wa mfalme anayetoroka ziara rasmi na kutembea Roma siku moja na mwandishi wa habari. Iliuzwa Paramount kwa jina la rafiki yake Ian McLellan Hunter, ambaye alimpelekea Trumbo fedha, na pia aliufanyia muswada kazi yake mwenyewe. William Wyler aliiongoza, Audrey Hepburn akawa nyota, na mwaka 1954 Hunter akapewa Tuzo ya Akademi ya hadithi bora. Wakati huo Hunter naye alikuwa ameshaingia kwenye orodha nyeusi.

Kuhusu chama cha waandishi, mwaka 1952 Howard Hughes wa RKO aliliondoa jina la Paul Jarrico kwenye filamu kwa sababu alikataa kujibu kamati, ingawa Guild ilisema anastahili kutajwa. Guild ilishindwa mahakamani. Mwaka 1953 ikakubali kipengele kinachowapa watayarishaji ruhusa ya kufuta jina la yeyote ambaye hajajisafisha mbele ya Bunge. Chama kilichopigania haki ya jina kwa miaka kumi kikaiweka rehani.

Robert Rich

Huko Mexico Trumbo aliwahi kuona mchezo wa kupigana na fahali ambapo watazamaji walimsamehe mnyama kwa ushujaa wake. Kutokana na hilo akawaandikia ndugu King hadithi ya mvulana wa Kimeksiko na fahali aliyemlea, The Brave One (1956). Ndugu hao waliweka jina la mpwa wao, Robert Rich. Tarehe 27 Machi 1957, katika sherehe za tuzo, jina hilo lilitangazwa kuwa mshindi wa hadithi bora. Hakuna aliyesimama. Jesse Lasky Jr., kiongozi wa chama cha waandishi, alipanda kuipokea kwa niaba yake na kueleza kuwa mshindi yuko hospitalini ambako mkewe anajifungua. Kesho yake chama kikapekua daftari zake: hakukuwa na mwanachama huyo.

Usiku uleule Friendly Persuasion ilikuwa imependekezwa kwa tuzo ya muswada, lakini mwandishi wake, Michael Wilson, hakutajwa, kwa sababu wiki chache kabla Akademi ilipitisha kanuni ya kuwazuia watu waliokataa kujibu Bunge. Mwaka uliofuata The Bridge on the River Kwai ikashinda kwa jina la Mfaransa Pierre Boulle, mtunzi wa riwaya, ambaye hakuwa mwandishi wa Kiingereza. Walioandika ni Wilson na Carl Foreman.

Trumbo aliona nafasi. Waandishi wa habari walipompigia simu kumuuliza kama yeye ni Robert Rich, hakukubali wala hakukana. Walipomuuliza juu ya filamu nyingine, zikiwemo ambazo hakuziandika, alijibu vilevile. Baada ya muda kila filamu nzuri ilishukiwa kuwa kazi ya mtu wa orodha nyeusi. Silaha aliyopigwa nayo, yaani kufutwa jina, sasa aliitumia kuwaaibisha waliomfuta: kama jina haliaminiki tena, tuzo ina maana gani? Januari 1959 Akademi ilifuta kanuni yake, na mwezi huohuo Trumbo akatangaza hadharani kuwa Rich ni yeye.

Kurudi kwa jina

Tarehe 20 Januari 1960 gazeti la New York Times liliandika kwamba mwongozaji Otto Preminger amemwajiri Trumbo kuandika Exodus na atamtaja kwenye skrini. Wakati huo Trumbo alikuwa ameshaandika Spartacus kwa ajili ya kampuni ya mwigizaji Kirk Douglas, akitumia jina la Sam Jackson. Riwaya iliyotumika ilikuwa ya Howard Fast, ambaye naye alifungwa kwa kuikatalia kamati ileile. Katika sehemu inayokumbukwa zaidi ya filamu hiyo, Warumi wanawaahidi watumwa uhai kama watamtaja Spartacus ni yupi, na mmoja baada ya mwingine wanasimama kila mmoja akidai kuwa ndiye.

Nani hasa alivunja orodha nyeusi ni swali linalobishaniwa hadi leo. Douglas katika uzee wake alijipa sehemu kubwa ya sifa hiyo. Familia ya Trumbo na watu wengine waliokuwa karibu hawakukubaliana naye, na ni kweli kuwa tangazo la Preminger lilitangulia lile la Spartacus. Lakini Spartacus ndiyo iliyofika kwanza kumbini, Oktoba 1960, na Exodus ikafuata Desemba. Chama cha maaskari wastaafu, American Legion, kilihimiza watu wazisusie. Februari 1961 rais mpya, John F. Kennedy, aliwapita waandamanaji mlangoni na kwenda kuitazama Spartacus. Mtu anaweza kuongeza kwamba miswada 30 iliyoandikwa ndani ya beseni ilifanya kazi yake kabla ya yeyote kati ya hao.

Miaka ya mwisho

Kazi ilirudi kwa wingi: Lonely Are the Brave (1962), The Sandpiper (1965), Hawaii (1966), The Fixer (1968). Mwaka 1971 aliongoza mwenyewe filamu ya Johnny Got His Gun, iliyopata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes. Haikuuza sana, lakini vijana wa miaka ya mwisho ya 1980 waliifahamu kupitia video ya wimbo wa One wa bendi ya Metallica, iliyotumia vipande vyake. Katika Papillon (1973), muswada wake mkubwa wa mwisho, anaonekana mwanzoni kama kamanda anayewahutubia wafungwa.

Mwaka 1970 chama cha waandishi kilimpa tuzo yake ya heshima, Laurel. Katika hotuba yake Trumbo aliwaambia vijana wasitafute mashujaa wala wabaya katika miaka ile, kwa sababu kila mtu aliyepita humo, awe alisema au alinyamaza, alikuwa mhanga. Wengi walipiga makofi. Albert Maltz, aliyefungwa kama yeye, alikasirika na kumwandikia kwamba kauli hiyo inawaweka waliotaja wenzao sawa na waliotajwa. Waliandikiana barua kali na ndefu, na hawakuafikiana.

Mei 1975 rais wa Akademi, Walter Mirisch, alimpelekea Trumbo sanamu ya The Brave One ikiwa na jina lake halisi. Alikuwa tayari mgonjwa wa saratani ya mapafu, na alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 10 Septemba 1976. Mwaka 1993 Akademi ilimkabidhi mjane wake, Cleo, tuzo ya Roman Holiday. Mji wa Grand Junction, uliomkasirikia kwa riwaya yake ya kwanza, ulimjengea sanamu mwaka 2007, akiwa ndani ya beseni. Mwaka 2015 Bryan Cranston aliigiza maisha yake katika filamu ya Trumbo.

Jina kwenye Roman Holiday yenyewe lilichukua muda zaidi. Christopher Trumbo na Tim Hunter, wana wa marafiki wale wawili, walikiomba chama cha waandishi kwa pamoja kirekebishe kumbukumbu. Christopher alifariki Januari 2011. Desemba ya mwaka huo chama kilitangaza kwamba hadithi ya filamu hiyo ni ya Dalton Trumbo, na muswada ni wa Dalton Trumbo, Ian McLellan Hunter na John Dighton.